Oksijeni sensa ikifa gari inakula mafuta, ni kweli, ila taa ikiwaka usikimbilie kuibadilisha

Kuna kesi inajirudia kila watu wakianza kuongelea magari. Taa ya injini imewaka, mtu kapima kwenye mashine, mashine imetaja oksijeni sensa, kanunua mpya kafunga, wiki haijaisha taa imerudi palepale na mafuta yanaendelea kwisha kama kawaida. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Mmoja anasema umeuziwa feki, mwingine anasema chomoa kabisa gari itatembea tu, wa tatu anasema iloweke kwenye petroli usiku mzima, halafu anakuja wa mwisho anaeleza kwa kujiamini kwamba hiyo sensa kazi yake ni kuingiza oksijeni kwenye injini kwa hiyo ikifa injini inakosa pumzi. Aliyeuliza anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Sasa twende taratibu, maana ukishajua hii sensa inapima nini hasa, na haipimi nini, nusu ya hizo kelele zinajijibu zenyewe.

Kwanza kabisa haiingizi kitu chochote mahali popote. Oksijeni sensa ni kidude chenye umbo linalokaribiana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la eksozi, ncha yake iko ndani unakopita moshi na nyuma yake zinatoka waya zinazokwenda kwenye kompyuta ya gari. Kazi yake ni moja tu, kuangalia moshi uliotoka kwenye injini umebakiwa na oksijeni kiasi gani. Basi. Haipimi petroli, haipimi weusi wa moshi, haijui injini ina nguvu kiasi gani. Inaona oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua, hicho tu, na hilo ndilo jambo tutakaloling'ang'ania mpaka mwisho.

Kwa nini kompyuta ihangaike na mabaki ya oksijeni? Kwa sababu petroli haiungui peke yake, inaungua na hewa, na ina kipimo chake. Gramu 1 ya petroli inataka hewa gramu 14.7 ili vyote viishe pamoja kisibaki kitu. Ukiweka kwa ujazo ndiyo utashangaa, lita moja ya petroli inameza hewa kama lita 9,000 hivi, yaani injini kimsingi ni pampu ya hewa inayonyunyiziwa mafuta kidogo. Petroli ikizidi kipimo tunasema mchanganyiko ni mzito, na hapo oksijeni yote inaliwa inakwisha huku petroli nyingine ikitoka haijaungua. Hewa ikizidi tunasema mchanganyiko ni mwepesi, petroli inakwisha na oksijeni inabaki inatoka na moshi. Kwa hiyo ukiangalia oksijeni iliyobaki unaweza kukisia mchanganyiko ulikuwaje kule ndani. Ni kukisia lakini, na kukisia kuna mahali kunapotea njia, tutafika huko.

Mfikirie dereva anayerudisha lori nyuma na haoni kitu, kuna mtu kasimama kule nyuma anamwelekeza, njoo, njoo, njoo, kata kulia, haya simama, mbele kidogo. Dereva ndiye kompyuta, mwelekezaji ndiye sensa. Dereva hana namna ya kubishana, akiambiwa njoo anakuja. Mwelekezaji akiwa makini lori linaingia kwenye nafasi yake bila shida. Akiwa kasinzia, au anachelewa kusema simama, lori linagonga ukuta na dereva wa watu hana kosa lolote. Ila sasa kuna upande wa pili ambao ndio watu wanausahau: kama kasema simama kwa sababu ukuta upo kweli, kumfukuza na kuleta mwelekezaji mwingine hakuuondoi ukuta.

Kwa hiyo maswali ni mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya. Sensa inadanganya? Au sensa inasema kweli, ila kweli yenyewe inahusu kitu kingine kilichoharibika? Mashine ya kupimia haikutofautishii hayo mara nyingi, inakutajia tu jina la aliyepiga kelele.

Inavyotoa taarifa

Ndani ya ncha ya sensa ya kawaida kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu ndani na nje. Upande wa nje kinapigwa na moshi, upande wa ndani kina hewa safi ya kawaida. Kikishapata joto la kutosha, nyuzi 300 na kitu za selsiasi, kauri hiyo inazalisha umeme kidogo kutokana na tofauti ya oksijeni ya pande hizo mbili. Moshi ukiwa hauna oksijeni (mzito) tofauti inakuwa kubwa na volti inapanda mpaka 0.8 au 0.9, moshi ukiwa na oksijeni tele (mwepesi) tofauti inapungua na volti inashuka kuelekea 0.1. Katikati ni 0.45. Kompyuta ikiona volti iko juu ya hapo inapunguza petroli kidogo, ikiona imeshuka inaongeza, inapunguza, inaongeza, safari nzima kazi ni hiyo. Ndiyo maana ukiipima sensa nzima ya mbele injini ikiwa ya moto utaona volti inacheza juu chini juu chini haitulii, na mtu asiyejua anadhani hiyo ndiyo mbovu kumbe kutulia ndiyo ugonjwa wenyewe.

Hiyo habari ya joto ni ya muhimu kuliko inavyoonekana. Kauri ikiwa ya baridi haisemi chochote, kwa hiyo ukiwasha gari asubuhi kompyuta inaendesha kwa hesabu ilizokaririshwa kiwandani, na hesabu hizo zimewekwa upande wa mzito kidogo ili injini ya baridi isizimezime. Bosch walipoanza kutengeneza sensa hizi mwaka 1976, na Volvo ndio wakawa wa kwanza kuzifunga kwenye magari, zilikuwa zinasubiri moshi wenyewe uzipashe. Mwaka 1982 zikaja zenye hita ndani, waya mbili za ziada kazi yake kupasha ncha tu, na leo karibu kila sensa ina hita. Hita ikikatika sensa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa ila inachelewa kuamka, na ukikaa kwenye foleni injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa moshi unapoa na yenyewe inarudi kusinzia. Gari inakaa muda mrefu kwenye hesabu za kukariri na mafuta yanaondoka. Namba za kosa za hita ni P0135 kwa sensa ya mbele na P0141 kwa ya nyuma, na hizi nisikufiche ni kati ya chache ambazo mara nyingi ukibadilisha sensa kweli unapona, ila angalia fyuzi kwanza jamani, kuna gari fyuzi ya hita imeungua na mtu kashabadilisha sensa mbili.

Nimesema ya mbele na ya nyuma. Magari mengi yana angalau mbili, moja kabla ya katalisti (yale masega kwenye eksozi yanayosafisha moshi) na moja baada yake. Ya mbele ndiyo inayomwelekeza dereva wetu. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kumchunga katalisti kama anafanya kazi, ingawa kwenye magari kadhaa kompyuta inaisikiliza kidogo pia kwenye kurekebisha mafuta. Katalisti akiwa mzima volti ya nyuma inatulia, mara nyingi 0.6 au 0.7 hivi, na akichoka volti ya nyuma inaanza kucheza kama ya mbele, hapo ndipo inapokuja ile P0420 maarufu. Ukiiona P0420 ukabadilisha sensa ya nyuma umemfukuza shahidi. Na kwenye injini za V zenye pande mbili sensa zinaongezeka zinakuwa nne, upande wa 1 ni ule wenye silinda namba 1, hakikisha kwanza ni upi kwenye gari yako kabla hujashika spana.

Ikianza kudanganya

Sensa inadanganya kwa namna tofauti na kila namna ina dalili zake, ndiyo maana mtu mmoja analalamika gari inakula mafuta na mwingine analalamika gari haina nguvu na wote wana sensa mbovu.

Ya kwanza na ya kawaida ni ile inayong'ang'ania kusema mwepesi. Sensa iliyokufa haizalishi umeme, volti inabaki chini, na kwa kompyuta volti ya chini maana yake oksijeni ni nyingi, kwa hiyo inaongeza petroli. Sensa bado inasema mwepesi. Inaongeza tena. Inaendelea hivyo mpaka ifike mwisho wa ruhusa yake, ambao kwenye magari mengi ni kama asilimia 25 juu ya hesabu ya kawaida, kisha inakata tamaa na kuwasha taa. Kumbuka taa inakuja mwishoni, wewe umeshachoma mafuta siku kadhaa. Hapo utaona moshi mweusi, harufu ya petroli nyuma ya gari, plagi zikitolewa zina masizi makavu meusi, na injini inanguruma kwa kujikokota. Ubaya hauishii kwenye tenki. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika nayo, chomoa kijiti cha oili unuse, ukisikia petroli waziwazi usiendelee kupuuzia. Nyingine inaenda kuungulia ndani ya katalisti, joto linapanda mpaka masega yanayeyuka na kuziba, na gari inayotoa moshi kwa shida haipandi mlima hata uikanyage vipi. Kwa hiyo sensa moja inaweza kukuua katalisti, na katalisti ni ghali kuliko sensa popote pale.

Namna ya pili ni kinyume chake, inasema mzito wakati si mzito, kompyuta inapunguza petroli. Hii haina moshi wala harufu, watu wanaishi nayo bila kujua, tena wengine wanafurahi mwanzoni. Lakini injini inakuwa na kigugumizi, ukikanyaga inasita halafu ndiyo inaondoka, ikiunguruma bila kukanyagwa inatetemeka, inamisi, mara nyingine inazima ukisimama kwenye taa. Kwenye mzigo mkubwa inaweza kuanza kugonga, na silinda zinapata joto zaidi ya kawaida. Mtu anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anasafisha nozeli, tatizo lipo.

Ya tatu ndiyo mbaya kuitambua, sensa iliyozeeka ikawa nzito kujibu. Haidanganyi, inachelewa. Badala ya kugeuka kwa kufumba na kufumbua inachukua muda, kompyuta inakuwa inarekebisha jambo lililokwisha kupita, mara imezidisha mara imepunguza. Taa inaweza isiwake kwa muda mrefu sana, na ikiwaka inakuja na P0133. Mwenye gari anachokuambia ni kwamba gari si ileile ya zamani, basi, hana maelezo mengine.

Swali linalofuata huwa ni je gari itazima kabisa? Kwa kawaida hapana. Kompyuta ikigundua sensa haiaminiki inaitupa pembeni na kurudi kwenye hesabu za kukariri, gari inatembea, inakula zaidi na inachafua zaidi lakini inafika. Na ukikanyaga ekseleta mpaka chini kompyuta nyingi haziisikilizi sensa ya kawaida hata ikiwa nzima, hapo zinataka nguvu tu. Kwa hiyo mtu akikwambia gari haiwaki kabisa sababu ni oksijeni sensa, mwambie aanze kutafuta kwingine.

Inaposema kweli na wewe unaipiga

Sasa turudi kwenye oksijeni iliyobaki. Silinda moja ikimisi, labda plagi imekufa, ile petroli haikuungua na ile hewa haikutumika. Vyote viwili vinatupwa kwenye eksozi. Sensa inaona nini? Haioni petroli, imeshasemwa, inaona oksijeni nyingi tu, kwa hiyo inaripoti mwepesi. Kompyuta inaongeza petroli kwenye injini ambayo tayari inatupa petroli. Moshi unanuka mafuta, plagi nyeusi, na mashine inakuandikia P0171, mchanganyiko mwepesi. Unabaki unajiuliza, gari inanuka petroli halafu mashine inasema petroli haitoshi? Wengi hapa ndipo wanapoihukumu sensa kifo, na sensa ya watu imesema ilichokiona.

Ufa kwenye manifodi ya eksozi (lile bomba la kwanza linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au gesketi iliyoungua kabla ya sensa unafanya mchezo huohuo. Watu wanadhani bomba lenye tundu linatoa moshi nje tu. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta, linaingiza hewa ya nje, hasa injini ikiwa mwendo wa chini. Ile hewa inapita kwenye ncha ya sensa, sensa inasema mwepesi, petroli inaongezwa. Ukisikia sauti ya tik tik tik asubuhi injini ikiwa ya baridi na inapungua ikipata moto, kachunguze hapo kabla ya kununua chochote.

Njia nzuri ya kutenganisha ukweli na uongo ni kusoma fyueli trimu, na siku hizi hata kile kidude kidogo cha blutuu kinachoongea na simu kinazionyesha. Ni asilimia inayokuambia kompyuta imeongeza au imepunguza petroli kiasi gani kutoka kwenye hesabu yake ya msingi. Kuna ya muda mfupi inayocheza kila sekunde na ya muda mrefu ambayo ni kumbukumbu. Ya muda mrefu ikiwa kati ya -10 na +10 mambo ni mazuri. Injini ikiwa ya moto angalia inavyounguruma bila kukanyagwa, halafu shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika uangalie tena, usiangalie mara moja tu maana siri iko kwenye tofauti ya hizo mbili. Tuseme chini imesoma +22 na ulipokanyaga ikashuka mpaka +4. Kuna hewa inaibiwa njiani, mpira wa vakyumu (ule mpira mwembamba unaovutwa hewa na injini) umepasuka au gesketi ya manifodi ya kuingizia hewa, kwa sababu injini ikiwa inavuta hewa kidogo hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa, na ikivuta nyingi hiyo ya wizi inamezwa haionekani. (Hii inaonekana vizuri kwenye gari yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, zile zinazokadiria kwa presha ya manifodi zinajibu tofauti.) Ikiwa kinyume, chini +3 na kwenye mwendo +20, basi angalia pampu ya mafuta imechoka, filta ya mafuta imeziba, au hiyo sensa ya hewa ina uchafu. Ukikuta -20 fikiria nozeli inayovuja au presha ya mafuta iliyozidi. Kwenye hali zote hizo oksijeni sensa ni nzima na inafanya kazi yake vizuri sana, pengine kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hiyo.

Na ukitaka kuishika yenyewe inadanganya au la, ilazimishe. Injini ya moto, unaangalia volti ya sensa ya mbele kwenye skana (ile mashine ya kupimia) au kwa multimita, chomoa mpira mdogo wa vakyumu hewa iingie, volti inatakiwa ianguke papo hapo kuelekea 0.1. Rudisha mpira, kanyaga ekseleta ghafla, inatakiwa iruke juu ya 0.8. Ikijibu zote mbili bila kusitasita hiyo sensa ni mzima, achana nayo. Ikibaki pale pale ilipokuwa kana kwamba hakuna kilichotokea, au ikapanda kama mtu anayeamshwa alfajiri, umeipata. Tahadhari tu, magari mengi ya karibuni mbele yana sensa ya aina nyingine, ile ya wigo mpana, haichezi kati ya 0.1 na 0.9 kabisa, kwa hiyo usiipime kwa volti hizi ukaiita mbovu, isome kwenye skana kama lamda, yaani hewa iliyopo ukigawa kwa hewa inayotakiwa, inayotakiwa kukaa karibu na 1.

Kinachoziua

Umri upo, sensa yenye hita inategemewa kwenda kama kilomita 160,000 na zile za kale zisizo na hita ilikuwa 50,000 mpaka 80,000. Lakini nyingi zinauawa kabla. Itoe uiangalie ncha, rangi inasema mengi. Masizi meusi makavu ni mchanganyiko mzito wa muda mrefu. Kahawia ya kukoza ni oili, injini inakula oili. Weupe wenye chengachenga ni maji ya rejeta yenye dawa, yanaingia kwenye silinda kupitia gesketi ya hedi, na hapo una tatizo kubwa kuliko sensa. Weupe laini kama chokaa ni silikoni, na hii inauma kwa sababu mara nyingi imeletwa na fundi mwenyewe, kafunga kava kwa silikoni isiyo ya injini, mvuke wake ukaingia kwenye mzunguko wa hewa ukaenda kuipaka sensa. Gundi salama kwa sensa zipo na zimeandikwa hivyo kwenye tyubu. Zamani risasi iliyokuwa kwenye petroli ndiyo ilikuwa muuaji mkubwa, mpaka ilipokoma kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021 Algeria ilipoacha.

Maana yake ukifunga sensa mpya bila kuziba chanzo, unamlisha mpya sumu ileile.

Na kuloweka kwenye petroli? Masizi ya juu yatatoka, utaona inang'aa na utajisikia umefanya kazi. Sumu ya silikoni au ya oili iko ndani ya vitundu vya kauri na petroli haiifikii. Kusugua kwa brashi ya waya ndiyo kabisa unakwangua ile platinamu, na kuichoma kwa moto mkali unaweza kupasua kauri. Nimesikia wanaoapa kwamba imewasaidia, na siwabishii, mara nyingi walipochomoa na kuchomeka soketi walisafisha kutu ya pini, na kama walichomoa betri pia wakafuta kumbukumbu ya kompyuta, gari ikaanza upya na hesabu safi kwa siku kadhaa.

Kuichomoa iache inaning'inia ni kupima, si kutibu. Kama gari inakwenda vizuri zaidi ikiwa imechomolewa basi kweli sensa ilikuwa inapotosha, ni dalili nzuri kuijua, ila usiishi hivyo, umeamua dereva arudishe lori kwa kukumbuka tu. Wale wanaofunga kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili P0420 ipotee, wamezima taa tu, katalisti bado amekufa, na kama anaziba utakuja kumjua siku injini inakosa nguvu.

Kubadilisha kwenyewe kuna mitego midogo. Usihesabu waya ukasema zinalingana, kuna sensa za kawaida za waya nne na kuna za wigo mpana za Toyota nazo waya nne, soketi inaweza kuingia na gari isielewe kitu. Nenda na namba ya spea ya gari yako. Ifungue injini ikiwa na uvuguvugu, nati yake kwa kawaida ni milimita 22, ikikataa mwagia dawa ya kulegeza kutu usubiri, ukilazimisha unatoka na nyuzi za bomba. Mpya usiishike ncha, na ikianguka kwenye sakafu ngumu usiamini sura yake ya nje, kauri ya ndani inapasuka kimya kimya. Halafu hili wengi hawalijui: ile hewa safi ya ndani ya kikombe kwenye sensa nyingi inaingia kupitia kwenye waya zenyewe, katikati ya nyuzi zake. Ukijaza grisi kwenye soketi ili maji yasiingie, au ukaunga waya kwa kuchomelea risasi, umeiziba pumzi na itaanza kutoa namba za ajabu ikiwa mpya.

Ukimaliza futa makosa, futa na kumbukumbu ya trimu kama skana yako inaweza, endesha siku mbili tatu za kawaida, foleni kidogo na mwendo kidogo, kisha rudi usome ya muda mrefu. Ikiwa imejirudisha karibu na sifuri kazi imeisha. Ikiwa imepanda tena ikakaa +20 ilipokuwa, ile uliyoitoa ilikuwa nzima, ifute uihifadhi, na anza na mipira ya vakyumu.